Yesu wa Kanisani, Isa wa Msikitini: Tofauti Iko Wapi Hasa?

Yapata mwaka 615, kundi la Waislamu wa mwanzo liliyakimbia mateso ya Makka, likavuka Bahari ya Shamu na kuomba hifadhi Uhabeshi kwa mfalme Mkristo, ambaye Waarabu walimjua kwa cheo chake cha Najashi. Makuraishi, wakuu wa Makka, hawakukubali yaishe hivyo. Waliwatuma watu wawili, Amr bin al-As na Abdullah bin Abi Rabia, wakiwa na zawadi za ngozi kwa mfalme na maaskofu wake, ili wakimbizi wale warudishwe. Siku ya kwanza mambo yaliwaendea kombo. Jaafar bin Abi Talib, binamu yake Mtume, aliombwa asome kidogo katika yale aliyokuja nayo Mtume wao. Akasoma mwanzo wa Sura Maryam, na mfalme akalia hadi ndevu zikalowa.

Amr hakuwa mtu wa kukata tamaa upesi. Asubuhi yake alirudi barazani na ombi moja tu: mfalme awaulize watu hawa wanamsema vipi Isa mwana wa Maryam. Umm Salama, aliyekuwa miongoni mwa wakimbizi na ambaye baadaye aliolewa na Mtume, ndiye aliyesimulia kisa hiki, na anasema hawakuwahi kupatwa na jambo zito kama lile. Walishauriana, wakakata shauri waseme kile walichofundishwa, liwalo na liwe. Jaafar akajibu kwamba Isa ni mja wa Mungu na Mtume wake, ni roho itokayo kwake na neno lake alilompelekea Maryam bikira. Najashi akanyoosha mkono chini, akaokota kijiti, akasema kwamba Isa hazidi hayo hata kwa urefu wa kijiti kile. Wakuu waliomzunguka wakakoroma kwa ghadhabu.

Kisa hiki, kilichomo katika sira ya Ibn Is-haq, yaani kitabu chake cha maisha ya Mtume, hupendwa sana kwenye makongamano ya maelewano ya dini, na kwa kawaida msimuliaji huishia kwenye machozi na kijiti. Ule mkoromo hurukwa. Mimi naona nao una haki ya kusikilizwa. Kanisa la Aksum, ufalme huo wa Uhabeshi, lilizaliwa na Kanisa la Aleksandria. Askofu wake wa kwanza, Frumentio, aliwekewa mikono katika karne ya nne na Athanasio, yule yule aliyefukuzwa mjini kwake mara tano katika mapambano ya kukataa Yesu aitwe kiumbe. Watu waliolelewa katika imani hiyo walipomsikia mfalme wao akikubali kwamba Yesu ni mja wa Mungu na hazidi hapo, walijua kwamba nguzo ya nyumba imeguswa.

Naandika haya kwa sababu katika nchi zetu, ambako ukoo mmoja huwa na akina Yohana na akina Yahya, tumezoea njia mbili za kulizungumza jambo hili, na zote mbili ni mbovu. Ya kwanza ni ya kuzomeana: kipaza sauti uwanjani, Biblia mkono huu, Qurani mkono ule, na umati unaosubiri mpinzani aumbuke. Ya pili ni ya kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa: “Ah, ndugu yangu, Yesu ni yule yule, tunatofautiana majina tu.” Anayesema hivyo huenda ana nia njema, lakini hajamheshimu Mwislamu wala Mkristo, maana kila mmoja anaamini kwamba anachokiri kuhusu mtu huyu kinagusa wokovu wake. Heshima ya kweli kwa jirani inaanza pale unapoweza kuieleza imani yake kwa namna ambayo yeye mwenyewe ataitikia, “Ndiyo, hivyo ndivyo ninavyoamini.” Hapo ndipo unapopata haki ya kumwambia kwamba hukubaliani naye.

Mtoto anayesema, mtoto asiyesema

Wakristo wengi hawajui ni kiasi gani Isa amejaa katika Uislamu. Qurani inamtaja kwa jina mara 25. Mama yake ndiye mwanamke pekee anayetajwa humo kwa jina lake, na sura nzima, ya 19, inaitwa kwa jina hilo. Mtu hawi Mwislamu akimkataa Isa. Anawajibika kuamini kwamba alizaliwa na bikira pasipo baba, kwamba ndiye Masihi, kwamba aliponya vipofu na wakoma na kufufua wafu kwa idhini ya Mungu. Waislamu walio wengi wanaamini pia kwamba yuko hai mbinguni na atarudi kabla ya Kiyama. Hadithi zilizopokewa na wakusanyaji Bukhari na Muslim zinaeleza kwamba atakaposhuka atavunja msalaba na kuhukumu kwa uadilifu. Imo pia hadithi isemayo kwamba kila mwanadamu huguswa na shetani anapozaliwa, isipokuwa Maryam na mwanawe. Mkatoliki aliyelelewa akimwita Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, akiisikia hadithi hiyo kwa mara ya kwanza, hushtuka.

Lakini tusome tukio moja kwa karibu, kwa sababu ndani yake mna tofauti yote. Katika Sura Maryam, Maryam anarudi kwa jamaa zake amebeba mtoto mchanga. Wanamsuta: baba yake hakuwa mtu mwovu wala mama yake hakuwa mzinifu, sasa haya ameyatoa wapi? Yeye ameweka nadhiri ya kutosema na mtu siku hiyo. Anawaashiria mtoto. Wanauliza watasemaje na mtoto aliyemo mlezini bado. Na hapo mtoto anasema. Jambo la kwanza analolitamka, kabla ya kumtetea mama yake, kabla ya kutaja utume wake, ni kwamba yeye ni mja wa Mungu. Mwislamu anapolisikia tukio hili anaona muujiza unaojilinda wenyewe: anayeutenda anakataza asiabudiwe kwa ajili yake, na anakataza akiwa bado katika nguo za kitoto.

Sasa fungua Luka sura ya pili. Mtoto ni huyo huyo, na mama ni huyo huyo. Hasemi. Amevingirishwa nguo za kitoto, amelazwa horini, na wanaosema ni malaika na wachungaji. Kisha fungua Yohana sura ya kwanza, inayotangaza kwamba Neno lililokuwako tangu mwanzo, lililokuwa kwa Mungu na lililokuwa Mungu, ndilo lililofanyika mwili. Ukiziweka kurasa hizo mbili pamoja unaipata imani ya Kikristo katika ukali wake wote: huyo asiyeweza hata kuomba maji ndiye Neno ambalo kwalo vitu vyote viliumbwa. Qurani ina mtoto anayesema, naye anajitambulisha kuwa mja. Injili ina mtoto asiyesema, naye ndiye Neno la Mungu. Sidhani kuna mahali pengine ambapo imani hizi mbili zinakaribiana hivi na kuachana hivi.

Kinachomstahili Mungu

Kwa hiyo ugomvi wetu, ukiuchimba hadi kwenye mzizi, unamhusu Mungu zaidi ya unavyomhusu Yesu. Swali lililo chini yake ni hili: ni jambo gani linamstahili Mungu, na lipi halimstahili?

Kwa Mwislamu, jibu limeshatolewa na Tawhidi. Mungu ni mmoja, hana mzazi wala mwana, hafanani na chochote. Hali, halali, hachoki, hafi. Sura ya tano inakumbusha kwa maneno machache mno kwamba Isa na mama yake walikuwa wakila chakula. Kwa msomaji wa Kiislamu hoja imekwisha, kwa sababu anayekula anahitaji, na anayehitaji si Mungu. Kuzaliwa bila baba hakumpandishi mtu hadi kwenye uungu, kwa kuwa Adamu hakuwa na baba wala mama. Mfano huo umo katika Sura Aal Imran. Na mwishoni mwa sura hiyo ya tano mna mazungumzo ya Siku ya Hukumu. Mungu anamuuliza Isa kama yeye ndiye aliyewaambia watu wamfanye yeye na mama yake waungu wawili, naye anajibu kwa unyenyekevu kwamba hakuwa na haki ya kusema hivyo. Shehe anaposimama na kusema Yesu si Mungu, moyoni mwake hamtukani Yesu. Anaulinda utukufu wa Mungu, na anamlinda Isa mwenyewe asisingiziwe.

Mkristo anaanzia kwingine. Kwake, ukuu wa Mungu umejidhihirisha hasa katika kushuka. Paulo, katika waraka kwa Wafilipi ulioandikwa miaka 30 hivi tu baada ya Yesu, anaeleza kwamba yule aliyekuwa katika hali ya Mungu hakuing'ang'ania hadhi hiyo. Alijifanya hana kitu, akatwaa hali ya mtumwa, akatii hadi kufa msalabani. Hapa naomba msomaji atulie kidogo. Mkristo naye anamwita Yesu mtumwa! Tofauti ni kwamba kwake utumwa huo ni wa bwana aliyeshuka kwa hiari kwa sababu ya upendo, na Mungu asiyeweza kushuka hivyo angekuwa amepungukiwa na kitu. Kwa Mwislamu, kuwa mja ndiyo asili ya Isa na ndiyo fahari yake, na Mungu akishuka hivyo amepoteza uungu wake. Mmoja anausifu upendo wa Mungu, mwenzake anautakasa utukufu wake, na kila mmoja anaona sifa ya mwenzake inamvunjia Mungu heshima.

Nisea na hoja za mihadharani

Mihadharani hukosi kuambiwa kwamba Yesu alifanywa Mungu mwaka 325, kwa kura, kwa amri ya Kaisari Konstantino. Mwaka 2025 Wakristo waliadhimisha miaka 1700 ya Mtaguso huo wa Nisea, na hoja hiyo ikapigiwa tena debe. Ni hoja dhaifu, na Mwislamu makini hana haja nayo. Waraka kwa Wafilipi umetangulia mtaguso kwa zaidi ya miaka 250. Na yuko shahidi asiye na upande: Plinio Mdogo, liwali wa Kirumi katika jimbo la Bithinia na Ponto, alimwandikia Kaisari Trajano yapata mwaka 112 kwamba Wakristo aliowahoji hukutana alfajiri ya siku maalumu na kumwimbia Kristo kama wanavyoimbiwa miungu. Nisea yenyewe ni mji wa Bithinia. Watu wa eneo lile walikuwa wakimwabudu Yesu miaka 200 kabla Konstantino hajaketi na maaskofu.

Walichoamua pale ni kitu kingine. Ario, padri wa Aleksandria, alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe: wa kwanza, bora kuliko vyote, ambaye kwa yeye Mungu aliviumba vingine, lakini kiumbe. Mtaguso ukasema kwamba anatoka kwa Baba kwa kuzaliwa pasipo kuumbwa, na kwamba asili yake na asili ya Baba ni moja. Wapo Waislamu wanaomhesabu Ario kuwa mtu wao wa zamani. Wanakosea. Kiumbe anayeumba mbingu na nchi kwa niaba ya Mungu, na bado anaabudiwa, ni shirki, yaani kumshirikisha Mungu, iliyoingia kwa mlango wa uani. Na hilo hasa ndilo alilolishika Athanasio: kama Mwana ni kiumbe, basi makanisa yote yaliyojaa watu wanaomwomba yanafanya ibada ya sanamu. Katika hili Athanasio na shehe wa leo wanasimama safu moja. Wote wawili wanasema kati ya Muumba na kiumbe hakuna daraja la tatu. Wanaachana pale wanapomtafuta Yesu amesimama upande gani.

Lipo pia swali ambalo mhubiri wa Kiislamu Ahmed Deedat wa Durban alilieneza dunia nzima, na ambalo tangu miaka ya 1980 wahubiri wa Kiislamu wa Tanzania na Kenya wameliuliza viwanjani: “Nionyeshe, Mchungaji, ni wapi Yesu amesema kwa kinywa chake, mimi ni Mungu, niabuduni?” Kisha hufuata aya. Yesu alisema Baba ni mkuu kuliko yeye. Alisema saa ya mwisho haijui. Alisali, alichoka, alilala mashuani, aliona kiu. Mchungaji naye hujibu kwa aya zake: alisamehe dhambi, alisema alikuwako kabla ya Ibrahimu, hakumkemea Tomaso alipomwita Bwana na Mungu. Jua linazama, kila upande unaondoka ukiamini umeshinda. Hasira zilizokuwa zikipikwa katika mikutano ya namna hii si za kuchezewa. Februari 1998, mvutano ulioanzia kwenye malalamiko kwamba mihadhara inaikashifu imani ya Kikristo uliishia kwa polisi na waumini kupambana kwenye eneo la msikiti wa Mwembechai, Dar es Salaam, na watu wakapoteza maisha.

Kinachonisikitisha ni kwamba katika majibizano hayo fundisho lenyewe la Kanisa halitajwi kabisa. Wakristo hawasemi kwamba Yesu ni Mungu tu. Mtaguso wa Kalkedonia wa mwaka 451 ulikiri nafsi moja yenye asili mbili kamili, umungu na ubinadamu, zisizochanganyika wala kutenganishwa. Papa Leo wa Kwanza, katika waraka uliosomwa pale, alieleza kwamba kusikia njaa ni kwa mwanadamu na kulisha maelfu kwa mikate mitano ni kwa Mungu, na anayefanya yote mawili ni mmoja. Kumwambia Mkristo kwamba Yesu alikula ni kumwambia kitu anachokikiri kila Jumapili. Kanisa liliwatenga zamani sana waliodai kwamba mwili wake ulikuwa kivuli tu. Anayetaka kumpinga Mkristo kwa haki na aulize lililo gumu kweli: inakuwaje nafsi moja ijue yote na isijue saa? Hilo ni swali zito, na Wakristo wenyewe waligawanyika kwa ajili yake. Wakopti, Waarmenia, Washami wa Antiokia na Wahabeshi hawakuipokea Kalkedonia hadi leo. Wakuu wa Aksum waliokoroma mbele ya Najashi walikuwa wa upande huo, uliosisitiza umoja wa Kristo kiasi cha kutotaka kusikia hesabu ya asili mbili.

Wakristo nao wana yao. Nimewasikia wainjilisti wakishangilia aya ya 171 ya Sura an-Nisaa, ambamo Isa anaitwa neno la Mungu na roho itokayo kwake, kana kwamba Qurani imeteleza ikakiri uungu. Aya hiyo hiyo, hatua chache mbele, inakataza kusema tatu. Wafasiri wa Kiislamu wanaeleza kwamba Isa ni neno kwa maana ya kuumbwa kwa amri ya Mungu, aliyeliamuru jambo nalo likawa; na roho ilipulizwa kwa Adamu pia, na hakuna aliyemwabudu Adamu. Mkristo anayelalamika kwamba Yohana wake anakatwa vipande vipande asiikate an-Nisaa.

Na Waislamu wanaodhani vingine wajue hakuna kanisa linalofundisha kwamba Mungu alioa, au kwamba Maria ni nafsi mojawapo ya Utatu. Epifanio, askofu wa Kipro wa karne ya nne, aliandika habari za wanawake wa Arabuni waliomtolea Maria mikate kama sadaka, na aliwalaani. Wapo wanaodhani masalia ya watu kama hao yalikuwa yakijulikana Bara Arabu alipokuja Mtume. Na wapo wafasiri wanaosema lile onyo la sura ya tano linamgusa yeyote anayemtukuza Maryam kupita mpaka. Vyovyote iwavyo, Utatu unaohubiriwa makanisani ni wa Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, Mungu mmoja, na huo ndio wa kujadiliwa.

Neno lililoteremka, Neno lililozaliwa

Sasa niseme jambo ambalo kwangu ndilo lenye utajiri kuliko yote. Tumezoea kumlinganisha Yesu na Mtume Muhammad. Wanazuoni waliolichunguza suala hili wanatwambia mizani hiyo si sawa: kilicho mahali pa Yesu katika Uislamu ni Qurani. Kwa Mkristo Neno la Mungu lilikuja likawa mtu. Kwa Mwislamu lilikuja likawa kisomo. Bikira asiyemjua mwanamume alilipokea moja, Mtume asiyesoma wala kuandika alilipokea jingine, na katika hali zote mbili umma unasema haya hayakutoka kwa mwanadamu.

Ndiyo maana swali la Nisea lilibisha hodi Baghdad miaka 500 baadaye, likiwa limevaa kanzu ya Kiislamu. Je, Qurani imeumbwa? Mwaka 833 Khalifa al-Maamun alianzisha mahojiano yaliyoitwa mihna, akawalazimisha makadhi na wanazuoni wakiri kwamba imeumbwa. Katika barua zake alitoa hoja ambayo ningependa kila mhubiri wa uwanjani aisome: wanaosema Qurani haikuumbwa wanafanana na Wakristo wanaosema Isa hakuumbwa kwa sababu ni neno la Mungu. Mwanazuoni Ahmad bin Hanbal alikataa kukiri. Alifungwa, akapigwa mijeledi chini ya khalifa aliyefuata, na hakubadili msimamo. Sunni wamebaki na msimamo wake: wino, karatasi na sauti ya msomaji ni viumbe, ila maneno ya Mungu si kiumbe. Waibadhi, madhehebu nyingine ya Kiislamu, walio wengi wanasema vingine hadi leo. Shehe Ahmed bin Hamed al-Khalili, Mufti Mkuu wa Oman na mzaliwa wa Zanzibar, aliutetea msimamo wa kwamba Qurani imeumbwa katika kitabu chake al-Haqq ad-Damigh.

Sisemi kwamba Ahmad bin Hanbal alikuwa Mkristo bila kujijua. Kitabu hakiabudiwi, na hakuna Mwislamu anayekisujudia. Ninachosema ni kwamba Mwislamu anayeelewa kwa nini ulamaa walikubali kupigwa mijeledi kwa ajili ya neno la Mungu lisiloumbwa anayo tayari njia ya kufahamu ni kitu gani Mkristo anakiogopa anapoambiwa kwamba Mwana ni kiumbe. Na Mkristo anayeona ugumu wa sauti ya milele kuwamo katika sauti ya msomaji wa leo anaweza kufahamu kwa nini umwilisho, yaani Neno kufanyika mwili, unamtatiza Mwislamu.

Kwenye msalaba hakuna njia ya katikati

Ukiingia ndani ya Qubbat as-Sakhra mjini Yerusalemu, jengo alilolijenga Khalifa Abdul-Malik bin Marwan, juu ya matao utaona maandishi marefu ya vijiwe vya rangi ya dhahabu, yenye tarehe ya mwaka wa 72 Hijria, yaani 691 au 692. Sehemu kubwa yake inamhusu Yesu. Yanawaambia watu wa Kitabu wasipindukie katika dini yao, na kwamba Masihi Isa mwana wa Maryam ni Mtume wa Mungu. Kisha yanamwombea Isa rehema. Jengo kuu la kwanza la Uislamu, lililo mwendo mfupi kwa miguu kutoka Kanisa la Kaburi Takatifu, liliwekwa pale lizungumze na Wakristo kuhusu mtu huyu mmoja. Ajabu ni kwamba msalaba wenyewe halikuutaja, ilhali kaburi linaloheshimiwa na Wakristo liko hapo jirani.

Qurani inautaja mara moja tu, katika an-Nisaa aya ya 157: hawakumuua wala hawakumsulubu, bali walifananishiwa. Walifananishiwa vipi? Aya haisemi. At-Tabari katika tafsiri yake amekusanya riwaya mbalimbali, nyingine zikieleza kwamba sura ya Isa alipewa mmoja wa wanafunzi wake akasulubiwa badala yake. Mfasiri mwingine, Fakhruddin ar-Razi, hakuogopa kuonyesha ugumu wa maelezo hayo: kama macho ya watu yanaweza kudanganywa hivyo, tutaamini vipi jambo lolote tuliloliona? Nje ya dini zote mbili, mwanahistoria wa Kirumi Tasito, akiandika mwanzoni mwa karne ya pili, anasema Kristo aliuawa chini ya Pontio Pilato, na wanahistoria wa leo karibu wote wanalikubali hilo.

Hata hivyo historia peke yake haitatuonyesha kwa nini jambo hili ni zito. Katika Uislamu Adamu alikosa, akatubu, akasamehewa, mambo yakaisha. Hakuna dhambi ya kurithi, na hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Mungu husamehe kwa sababu ni Mwenye kurehemu, na hahitaji damu ya yeyote. Kwa hiyo msalaba, mbali na kwamba haukutokea, haukuwa na kazi. Tena Mungu kumwacha Mtume wake mpendwa mikononi mwa maadui namna ile kungekuwa fedheha. Kwa Mkristo mambo yote yanaelekea pale: dhambi ni utumwa ambamo mwanadamu hawezi kujitoa, na Mungu mwenyewe ameingia ndani yake hadi kaburini ili autoboe. Ukiuondoa msalaba, hakuna Ijumaa Kuu, hakuna Pasaka, na meza ya Bwana inakuwa mkate mtupu. Hapa sioni njia ya katikati, na mtu akinionyesha moja nitahofu kwamba ameipata kwa kuvunja imani ya mmoja wao.

Baadhi ya watu hunyong'onyea wanaposikia hivyo, kana kwamba tofauti isiyozibika lazima ilete vita. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la Nostra Aetate la Oktoba 28, 1965, ulisema wazi kwamba Waislamu hawamkubali Yesu kuwa Mungu lakini wanamheshimu kama nabii, na katika pumzi ile ile ukawaita Wakatoliki wawatazame Waislamu kwa heshima. Lebanon, nchi iliyomwaga damu nyingi kwa jina la madhehebu, tangu 2010 imeifanya Machi 25, siku ya Maria kupashwa habari, kuwa sikukuu ya taifa ya Waislamu na Wakristo kwa pamoja. Hawajakubaliana aliyezaliwa ni nani. Wamekubaliana kuiadhimisha siku mama yake alipoletewa habari.

Na mfano wa zamani zaidi umo katika maisha ya Mtume mwenyewe. Miaka yake ya mwisho Madina ulimfikia ujumbe wa Wakristo wa Najran, kutoka kusini mwa Bara Arabu. Ibn Is-haq anasema walikuwa wapandaji 60, na askofu wao akiwamo. Wakati wao wa sala ulipofika wakiwa ndani ya msikiti, Mtume aliagiza waachwe, wakasali humo wameelekea mashariki. Kisha walijadiliana habari za Isa, na mapokeo yanaunganisha mwanzo mrefu wa Aal Imran na mjadala huo. Waliuliza: kama si mwana wa Mungu, baba yake ni nani? Wakajibiwa kwa mfano wa Adamu. Hawakuridhika. Wakaitwa kwenye mubahala, kila upande uombe laana ya Mungu iwashukie waongo. Walijitenga wakashauriana, wakarudi na kusema hawataapizana. Watabaki katika dini yao, naye abaki katika yake. Pakaandikwa mapatano, wakajiandaa kuondoka. Kabla hawajaondoka waliomba jambo moja: Mtume awape mtu mwaminifu miongoni mwa sahaba zake, awaamulie magomvi yao ya mali. Akawapa Abu Ubayda bin al-Jarrah, wakaenda naye Najran.